Daraja la Tay: chuma kilichovunjika kilisimulia nini

Ukipanda treni ya kutoka Edinburgh kwenda Dundee, kule Scotland, muda mfupi kabla ya kufika unavuka mlango wa mto Tay, maji mapana ya karibu kilomita tatu. Kaa dirisha la upande wa mashariki. Utaona visiki vya matofali na mawe vimechomoza majini, kimoja baada ya kingine, vimejipanga sambamba na daraja unalopita. Havibebi chochote. Hayo ndiyo mabaki ya daraja la kwanza, lililofunguliwa kwa abiria tarehe 1 Juni 1878 likiwa daraja refu kuliko yote duniani kwa wakati huo, na likaanguka usiku wa Jumapili, 28 Desemba 1879, treni ikiwa juu yake. Halikutimiza hata miaka miwili.

Hakuna aliyekuwamo kwenye treni ile aliyepona. Waliokuwa nchi kavu waliona cheche, kisha giza. Kwa hiyo karibu kila tunachokijua kuhusu kuanguka kwa daraja hili kimeunganishwa baadaye kutoka kwenye vipande: tiketi, nyaya za mawasiliano zilizokatika, picha, vyuma vilivyookotwa, na maneno ya mafundi walioitwa kutoa ushahidi. Wengi huisimulia habari hii kwa sentensi moja, kwamba upepo uliangusha daraja. Sentensi hiyo si uongo, lakini inaficha mengi kuliko inayoyasema, na ninaomba tuifungue polepole.

Walichokiona

Jioni ile dhoruba ilikuwa inavuma kutoka magharibi, ikilipiga daraja ubavuni. Kwenye meli ya mafunzo iliyoitwa Mars, iliyokuwa imetia nanga mtoni, nguvu ya upepo ilikadiriwa kuwa 10 hadi 11 katika kipimo cha Beaufort, ambacho mwisho wake ni 12. Mwezi ulikuwa mpevu, ukitokeza na kujificha nyuma ya mawingu.

Reli juu ya daraja ilikuwa njia moja tu, hivyo dereva hakuruhusiwa kupita bila kukabidhiwa kijiti maalumu. Mtoa ishara wa upande wa kusini, Thomas Barclay, alikikabidhi treni ilipopita polepole mbele ya kibanda chake, saa moja na dakika kama 13 usiku. Akarudi ndani. Mwenzake, John Watt, akabaki anaitazama kupitia kioo cha mlango. Aliona taa nyekundu za nyuma zikienda zikipungua. Kisha akaona cheche kwenye magurudumu, upande wa mashariki, upande ambao upepo ulikuwa unayasukumia mabehewa. Ukatokea mmweko mkali. Halafu giza.

Barclay akajaribu mitambo ya kuwasiliana na upande wa pili. Haikujibu, kwa maana nyaya zake zilipita juu ya daraja. Wakajaribu kutembea juu ya reli, upepo ukawarudisha. Wakashuka ufukweni, na mwezi ulipotokeza wakaona kwamba katikati ya mto hakuna kitu. Upande wa Dundee, msimamizi wa injini, James Roberts, alitambaa juu ya reli akishika vyuma mpaka akafika mahali daraja lilipoishia. Mbele yake maji yalikuwa yanaruka kutoka kwenye bomba lililokatika, bomba lililokuwa linapeleka maji ng'ambo.

Mihimili yote 13 ya juu ilikuwa imekwenda. Karibu kilomita nzima ya daraja.

Hata idadi ya waliokufa ilibidi iunganishwe vipande vipande. Kwenye kituo cha St Fort, kabla ya daraja, tiketi za wanaokwenda Dundee zilikuwa zimekusanywa. Zilikuwa 56. Maofisa wakaongeza waliokuwa na tiketi za kwenda mbele zaidi, wenye tiketi za msimu, watoto, na wafanyakazi wa treni, wakafikia 74 au 75, na namba ya 75 ndiyo iliyorudiwa kwa zaidi ya karne. Baadaye watafiti walipopitia vyeti vya vifo na majina ya familia, waliweza kuwathibitisha watu 59. Hayo ndiyo majina yaliyochongwa kwenye kumbukumbu zilizosimamishwa kingo zote mbili za mto mwaka 2013. Miili iliyopatikana ni 46. Inaniuma kwamba kuna watu ambao kuwapo kwao duniani siku ile kunategemea kipande cha karatasi alichokikusanya karani wa kituo.

Daraja lenyewe

Ili kuelewa kuanguka kwake, lazima kwanza ulisimamishe tena kichwani. Msanifu alikuwa Thomas Bouch, mhandisi wa reli aliyesifika kwa kujenga kwa gharama ndogo, na mwenye mradi alikuwa kampuni ya North British Railway. Daraja lilikuwa na nafasi 85 kati ya nguzo na nguzo. Kwa sehemu kubwa treni ilipita juu ya mihimili. Lakini katikati, ambako meli zilihitaji kupita chini, mihimili 13 ilinyanyuliwa na treni ikapita ndani yake, kama ndani ya tundu refu la chuma. Kumi na mmoja kati ya hiyo ulikuwa na urefu wa futi 245, kama mita 75, na chini yake kulikuwa na futi 88 za nafasi hadi kwenye maji kujaa. Hapo ndipo daraja lilipokuwa refu kwenda juu, zito kichwani, na lenye kifua kipana cha kupokea upepo.

Bouch alikuwa amekusudia nguzo za matofali zisimame juu ya mwamba. Waliopima sakafu ya mto walimwambia mwamba upo. Kazi ilipofika katikati, ikaonekana kwamba walichogonga hakikuwa mwamba, bali tabaka jembamba la kokoto zilizogandamana, na chini yake udongo laini. Nguzo nzito zingezama. Akabadili mchoro: nguzo ziwe chache zaidi, nafasi kati yake ziwe ndefu zaidi, na juu ya msingi wa matofali na mawe zisimame nguzo nyepesi za chuma. Kila nguzo ikawa kundi la mabomba sita ya chuma cha kusubu, yaliyosimama wima na kufungwa pamoja kwa vyuma bapa vya mshazari.

Hivyo vyuma vya mshazari ndivyo roho ya habari hii. Bomba refu likisimama peke yake linayumba. Mabomba sita yakifungwa vizuri kwa mishazari yanakuwa mnara mmoja: upepo ukisukuma, mshazari mmoja unakaza na mnara unabaki wima. Mishazari ikilegea, huna mnara tena. Una mabomba sita yaliyobeba mzigo mmoja.

Sikio

Sasa tusogee karibu kabisa, mpaka mahali ambapo mshazari unakutana na bomba. Kwenye ubavu wa bomba kulikuwa na kipande kilichochomoza, kilichosubiwa pamoja na bomba lenyewe. Tukiite sikio. Sikio lilikuwa na tundu, na bolti ilipita kwenye tundu hilo kuushika mshazari.

Chuma cha kusubu, yaani kile kinachomiminwa kikiwa uji kwenye kalibu, ni kama kigae. Kikikandamizwa kinastahimili sana. Kikivutwa kinakatika, tena bila kupinda kwanza. Kwa bomba linalobeba uzito si kitu kibaya. Kwa sikio, ambalo kazi yake yote ni kuvutwa, ni kuchagua kitu dhaifu mahali pasipotaka udhaifu.

Halafu tundu. Lingetobolewa kwa keekee, lingekuwa limenyooka, na bolti ingelala kwenye ukuta wote wa tundu. Lakini matundu haya yalitoka moja kwa moja kwenye kalibu, na kitu cha kalibu lazima kiwe kipana upande mmoja na chembamba upande mwingine ili kichomoke. Matokeo yake tundu likawa na umbo la koni, na bolti ikagusa ukingo mmoja tu. Nguvu yote ya mshazari ikaegemea kwenye ukingo huo mwembamba. Ukingo ukibonyea au kumeguka kidogo, bolti inapata nafasi ya kucheza; bolti ikicheza, mshazari umelegea. Mimi nadhani mtu akiuelewa ukingo huu ameelewa nusu ya ajali.

Mabomba yalisubiwa hapo hapo ufukweni Wormit, kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya daraja. Mafundi walipohojiwa baadaye walisimulia mambo mazito. Mabomba mengine yalitoka na ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mengine yalikuwa na matobo ya hewa. Sikio likitoka pungufu, lilimiminiwa chuma kipya juu yake lisubiwe upya. Na matobo yalizibwa kwa mchanganyiko walioujua kama yai la Beaumont: nta, utomvu mkavu, masizi na unga wa chuma, vikayeyushwa, vikajazwa kwenye tobo na kusuguliwa mpaka pakafanana na chuma kizima. Aliyewahi kuona gari lililopigwa puti na kupakwa rangi likauzwa kama halijawahi kugongwa anaelewa mara moja. Tofauti ni kwamba hapa puti ilikuwa kwenye nguzo ya reli.

Baada ya ajali masikio kadhaa yalipelekwa London, kwenye maabara ya David Kirkaldy, yakavutwa kwa mashine mpaka yakakatika. Yalikatika kwa mzigo usiofika nusu ya ule uliotarajiwa.

Ufa uliozibwa

Dalili zilikuwapo. Meja Jenerali Hutchinson, aliyelikagua daraja kwa niaba ya serikali Februari 1878, alikaa siku tatu, akapitisha injini nzito juu yake, akaliruhusu kwa sharti kwamba treni zisizidi maili 25 kwa saa, kama kilomita 40. Aliandika pia kwamba angependa kuja kuona treni ikipita wakati wa upepo mkali. Upepo mkali ulikuja, yeye hakuwapo.

Sharti la mwendo halikushikwa. Abiria mmoja, ambaye alikuwa amewahi kuwa mkuu wa mji wa Dundee, alikuwa akizipima treni kwa saa yake mfukoni na kukuta zikipita maili 40, akalalamika. Wapaka rangi waliofanya kazi juu ya daraja majira ya joto ya 1879 walieleza kwamba treni ilipopita daraja lilitikisika, na si juu na chini tu bali pia ubavuni.

Aliyekuwa karibu zaidi na ukweli ni Henry Noble, aliyeajiriwa kulitunza daraja. Noble alikuwa fundi wa matofali. Kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia misingi chini ya maji isije ikachimbwa na mkondo. Vuli ya mwaka 1878 akasikia vyuma vinagongana juu yake treni inapopita. Akapanda kutazama, akakuta kabari zinazoikaza mishazari zimelegea. Hakumwambia Bouch. Alinunua vipande vya chuma, akavipigilia kwenye nafasi zilizolegea mpaka kelele ikaisha, na akafanya hivyo kwenye viungo zaidi ya 100.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Noble aliuziba ufa, na kwa nia njema kabisa. Lakini mshazari uliolegea maana yake ni kwamba mnara umekwisha kusogea. Ukijaza nafasi kwa kipande cha chuma, unaufunga mnara katika mkao wake mpya, mkao mbaya, na unaondoa kelele ambayo ilikuwa onyo pekee. Alipoona pia nyufa za wima kwenye baadhi ya mabomba, hizo alizitolea taarifa, na mabomba yakavishwa pete za chuma. Simlaumu sana. Alipewa daraja la chuma alitunze bila kufundishwa chuma, na aliyemweka hapo ndiye ninayemtafuta.

Nani aliuhesabu upepo?

Tume ya uchunguzi ilikuwa na watu watatu: Henry Rothery, mkuu wa uchunguzi wa ajali za meli, Kanali William Yolland, mkaguzi mkuu wa reli, na William Henry Barlow, rais wa taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya Uingereza. Swali lililomkaba Bouch lilikuwa jepesi: uliweka kiasi gani kwa ajili ya upepo? Jibu lilikuwa kwamba hakuweka hesabu maalumu. Alikuwa ameegemea ushauri uliotolewa kwa daraja jingine alilokuwa amelichora, la kuvuka mto Forth karibu na Edinburgh, uliotaja ratili 10 kwa kila futi ya mraba.

Chukua ubao wa futi moja kwa futi moja. Ratili 10 ni kama kilo nne na nusu zinazousukuma. Wakati huo huo Wafaransa walikuwa wanahesabu ratili 55, na Wamarekani 50.

Upande wa Bouch ulileta maelezo mengine, na yanastahili kusikilizwa. Walisema daraja halikuanguka lenyewe. Behewa la abiria wa kiwango cha pili, jepesi, lililokuwa karibu na mwisho wa treni, lilitolewa relini na upepo, likagonga mhimili, na kishindo hicho ndicho kilichovunja nguzo. Walikuwa na jambo la kuonyesha: Februari 1877, ujenzi ukiendelea, dhoruba iliangusha mihimili miwili ya juu, na mmoja ulinyooshwa ukarudishwa kazini. Reli ndani ya mhimili uliowahi kupinda huenda haikunyooka sawasawa. Tume haikukubali. Hata ukikubali kwamba behewa liliruka, haielezi kwa nini mihimili yote 13 ilianguka, ikiwamo ile ambayo treni haikuwa imeifikia.

Juni 1880 zikatoka ripoti mbili, si moja. Yolland na Barlow walisema mishazari na vifungo vyake havikutosha kuhimili dhoruba ile, wakaishia hapo. Rothery alikubaliana nao juu ya sababu, lakini akasema ni wajibu wao pia kumtaja mwenye kosa: daraja lilisanifiwa vibaya, likajengwa vibaya na likatunzwa vibaya, na kwa yote matatu wa kulaumiwa zaidi ni Bouch. Bouch alikuwa amepewa cheo cha heshima na Malkia Victoria mwaka mmoja tu kabla, kwa daraja hilo hilo. Alifariki Oktoba 1880.

Picha zinasomwa upya

Siku chache baada ya ajali, wapiga picha wa kampuni ya Valentine ya Dundee waliagizwa kupiga kila nguzo iliyovunjika. Walitumia mabamba makubwa ya kioo, na kioo kile kilihifadhi undani ambao macho ya mwaka 1880 hayakuwa na namna ya kuukuza. Zaidi ya miaka 120 baadaye, Peter Lewis wa chuo kikuu cha Open University cha Uingereza na mwenzake walizipitisha kwenye skana na kuzikuza. Masikio yakaonekana yamelala kwenye vifusi juu ya visiki, yamekatika, mishazari ikiwa mizima.

Kutokana na hapo kukazuka mvutano ambao haujaisha. Lewis anasema masikio hayakukatika yote usiku ule. Kila treni ilipopita ilitikisa mnara, kila mtikisiko ukaongeza ufa mdogo kwenye sikio. Ndio uchovu wa chuma, kama waya unavyokatika ukiukunja na kuukunjua mara nyingi. Kwa mtazamo huu dhoruba ilimalizia tu. Wahandisi wengine waliorudia hesabu za upepo kwa kompyuta wanasema hakuna haja ya uchovu: daraja lile, hata likiwa jipya, lisingesimama mbele ya upepo ule likiwa na treni inayouongezea kifua. Wana ushahidi wao. Vyuma vya kushikia mabomba kwenye msingi vilishikwa na safu mbili tu za juu za mawe, na kwenye baadhi ya visiki picha zinaonyesha mawe yenyewe yameng'olewa pamoja na chuma. Mahali pale mnara ulipinduka, haukusambaratika kwanza.

Kwangu pande hizi mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Moja ni kama daraja lingeweza kuusimamia upepo ule siku lilipofunguliwa, na hesabu zinaonyesha kwamba halikuwa na nafasi. La pili ni kama jioni ya Desemba 1879 lilikuwa bado na nguvu zake za siku ya kufunguliwa, na hapo vipande vya chuma vya Noble vinatosha kunishawishi kwamba hapana. Viungo zaidi ya mia vilikuwa vimelegea miezi 14 kabla.

Bodi ya Biashara ya Uingereza, idara ya serikali iliyosimamia usalama wa reli, iliweka kanuni mpya: ratili 56 kwa futi ya mraba. Mchoro wa Bouch wa daraja la Forth ukaachwa, likajengwa lile la vyuma vinene lililofunguliwa mwaka 1890 na linalopitisha treni hadi leo. Barlow, aliyekuwa kwenye tume, akasanifu pamoja na mwanawe daraja jipya la Tay, mita 18 upande wa juu wa mto kutoka lilipokuwa la zamani. Lilifunguliwa mwaka 1887.

Kichwa cha treni, namba 224, kilikutwa mtoni ndani ya mhimili, kikaopolewa, kikazama tena mara mbili wakati wa kuvutwa, na hatimaye kikatengenezwa na kurudi kazini hadi 1919. Wafanyakazi wa reli walikiita Mpiga Mbizi. Nayo ile mihimili ya chuma cha kufua ambayo haikuanguka, kwenye sehemu za chini za daraja la Bouch, ilikaguliwa, ikahamishwa kutoka kwenye nguzo zake na kuwekwa juu ya nguzo za Barlow. Ipo hapo mpaka sasa. Unapovitazama visiki vile kwenye dirisha la mashariki, sehemu ya kinachokubeba ni daraja la zamani.